Naomba ushauri wa barua ya kuomba warsha ya fizikia Trieste (nipo Newala, zimebaki wiki tatu)

BintiWaNewala

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu.

Nina miaka 25. Nilimaliza digrii ya fizikia kwenye chuo kikuu kimoja Dar mwaka 2022, ajira sijapata, kwa hiyo najitolea kufundisha fizikia na hisabati sekondari moja hapa Newala. Posho yangu inatoka kwenye michango ya wazazi. Msimu wa korosho inakuja kwa wakati, miezi mingine inasuasua. Nalisema hili mjue mfuko wangu ulivyo kabla hamjanishauri.

Kile kituo cha kimataifa cha fizikia nadharia kilichopo Trieste, Italia, ambacho wengi mnakijua kwa jina la ICTP, kimetangaza warsha ya wiki mbili kuhusu modeli za tabianchi za kanda, yaani hesabu za kompyuta zinazokadiria tabianchi ya eneo fulani la dunia. Tangazo nimelisoma hadi nimelikariri. Ada ya kushiriki hakuna. Lipo fungu dogo la nauli na malazi kwa watakaochaguliwa kutoka nchi zinazoendelea, na wanawake wanahimizwa waombe. Wanataka wasifu, barua fupi ya kueleza kwa nini unataka kwenda, na barua ya mtu anayekufahamu kitaaluma.

Barua ndiyo imenishinda. Nimeiandika mara sita. Inaanza hivi: "Mimi ni mhitimu mwenye shauku kubwa ya sayansi na ninaamini fursa hii itanijenga kitaaluma na kuniwezesha kulitumikia taifa langu." Kila nikiisoma naona mtu yeyote angeweza kuiandika, hata asiyejua fizikia. Nikijaribu nyingine naishia pale pale.

La pili, msimamizi wa mradi wangu wa mwaka wa tatu nimemwandikia barua pepe mara mbili, kimya. La tatu, pasipoti sina.

La nne ni la nyumbani. Baba ni mkulima wa korosho, Tandahimba. Hajanikataza. Nilipomweleza kwamba nikichaguliwa nauli na mahali pa kulala wanalipa wao, alinyamaza, akamaliza kubangua zile alizokuwa nazo mkononi, kisha akauliza: "Hao wanaokulipia nauli wanataka nini kwako?" Nikakosa jibu. Hakuuliza kwa hasira, aliuliza kwa kutaka kujua, na mimi mwenyewe sijui. Naombeni mniambie nimjibu nini, maana sitaki niondoke, kama nitaondoka, nimwache na swali hilo moyoni.

---

Kaskazi_Mikindani

Hongera dada kwa hatua hiyo. Mimi naanza na tahadhari kwa sababu niliumia.

Mwaka 2021 nililetewa barua pepe ya mwaliko wa mkutano wa sayansi nje ya nchi. Jina zuri, picha za ukumbi, hadi ratiba ya watoa mada ilikuwepo. Nikaambiwa nitume dola 180 za usajili, nikakopa kwa mjomba, nikatuma. Mkutano haukuwepo. Deni la mjomba nimelimaliza mwaka juzi. Kwa hiyo anayekuita bila wewe kuomba, anasifia kazi yako ambayo hajaisoma, halafu anataka pesa mbele, huyo mfute.

Ushauri wangu: mihadhara mingi ya hapo Trieste wanaiweka mtandaoni bure. Nunua bando, itazame, ujipange vizuri, uombe mwakani ukiwa na kitu cha kuonyesha.

---

MzeeWaRuponda

Marahaba binti.

Kijana wa Mikindani, pole kwa hasara ile, na kila anayesoma uzi huu ashike maneno yako. Ila hawa sio wale. Kituo hiki kipo tangu 1964, kinaendeshwa na serikali ya Italia pamoja na UNESCO na Wakala wa Kimataifa wa Nishati ya Atomiki. Na hilo la mwakani usimpe. Nimefundisha miaka 34, waliosema mwakani nawajua kwa majina na kwa vijiji vyao.

Mimi nilikwenda mwaka 1989, nikiwa mhadhiri msaidizi. Nikuambie ninachokikumbuka kuliko vyote: siku ya kwanza niliingia maktaba nikakuta jarida la mwezi ule ule limewekwa mezani, wino unanukia. Kule nilikokuwa nafundisha, la karibuni kabisa nililokuwa nimeliona lilikuwa la miaka minne nyuma. Nilikaa nalo mpaka mlinzi akaja kuzima taa. Sikuwa nasoma yote, lilikuwa gumu. Nilikuwa nafungua kurasa tu.

Sasa swali la baba yako, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko la barua. Mwambie hivi. Abdus Salam, mwanafizikia aliyekianzisha kituo hicho, alikuwa Mpakistani, alikulia Jhang, mji mdogo wa Punjab. Akasoma Cambridge, mwaka 1951 akarudi kwao kufundisha Lahore. Akajikuta peke yake. Hapakuwa na mtu wa kujadiliana naye fizikia aliyokuwa akiifanya, na anayekaa bila kujadiliana huishia kurudia aliyoyajua jana. Mwaka 1954 akaondoka, akarudi Cambridge. Jambo hilo lilimuuma maisha yake yote, kwamba alilazimika kuchagua kati ya nchi yake na fizikia. Ndipo akapigania pawepo mahali ambapo mtu wa nchi maskini atakuja kwa wiki au miezi, ajifunze, abishane na wenzake, kisha arudi kwao bila kulazimika kuhama moja kwa moja. Mwaka 1979 akapata Nobeli pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg, kwa nadharia inayounganisha nguvu ya sumakuumeme na nguvu nyonge iliyomo ndani ya kiini cha atomu. Alifariki 1996, mwaka uliofuata kituo kikapewa jina lake.

Kwa hiyo wanachotaka kwa binti yake ni kwamba arudi Newala akiwa bado mwanafizikia. Hakuna deni lingine.

Barua hiyo ichane. Nijibu hapa hapa: umewahi kupima nini kwa mkono wako mwenyewe? Wapi, kwa kifaa gani, na kilitoka nini ambacho hukukitarajia?

---

BintiWaNewala

Mzee wangu, asante. Nimempigia baba nikamsomea habari za Salam. Akasema, "Kumbe na yeye alikimbia kwao ikamuuma." Hajasema zaidi, lakini leo asubuhi ameniuliza Trieste ipo upande gani wa Italia.

Kuhusu kupima: nimepima joto la alfajiri.

Wanaoijua Newala wanaijua Shimo la Mungu, pale nyanda za Makonde zinapokatika ghafla na bonde la Ruvuma likajitandaza chini hadi Msumbiji. Asubuhi za Julai ukisimama pale bonde hulioni. Unaona ukungu umelala kama maziwa kwenye bakuli, juu yake umenyooka sawasawa, na wewe huku umesimama juani. Mwaka jana nilipeleka wanafunzi wa kidato cha pili, mmoja wao akaniuliza: "Mwalimu, kitabu kinasema ukipanda juu ndiyo baridi inaongezeka. Mbona ukungu umekaa chini?" Nikamwambia tusibishane na kitabu kabla hatujapima.

Tulikuwa na vipimajoto viwili vya maabara, vile vya kimiminika chekundu. Tukatengeneza masanduku mawili ya mbao, pembeni yana mianya hewa ipite, tukayapaka chokaa nyeupe, yakasimama kwenye miguu kimo cha kifua. Moja lilikaa shuleni, kivulini. La pili nililishusha kwa mama mdogo, kijiji kimoja karibu na mto. Saa kumi na mbili kamili asubuhi mimi nasoma cha juu, yeye anasoma cha chini ananitumia meseji: "Leo 15." Mama mdogo hakumaliza darasa la saba, lakini kwa asubuhi 47 hakuniangusha. Siku aliyokwenda msibani alimfundisha jirani kusoma, na meseji ikaja.

Kabla ya kuanza tulivitia vyote viwili kwenye barafu iliyopondwa na maji, barafu ya mfuko ya dukani. Kimoja kilisoma sifuri, kingine nusu nyuzi juu ya sifuri, kwa hiyo cha pili tulikuwa tunakipunguzia nusu kila siku.

Ikatoka hivi. Asubuhi zilizotanguliwa na usiku wa anga safi na upepo umetulia, bondeni kulikuwa baridi kuliko juu, mara nyingine kwa nyuzi tatu. Usiku wa mawingu au upepo, mambo yanarudi kama kitabu kinavyosema, juu ndiyo baridi. Wanafunzi nilivyowaeleza ni kwamba usiku wa anga safi ardhi inapoteza joto lake kuelekea angani, hewa inayoigusa inapoa, inakuwa nzito, inateremka kwenye ukingo kama maji na kujaa bondeni. Mawingu yakiwepo yanafanya kazi ya blanketi.

Kilichonishangaza si hicho. Mradi wangu wa chuo ulitumia matokeo ya modeli za kanda za Afrika zenye miraba ya kilomita 50, yaani ramani inagawanywa miraba yenye upande wa kilomita 50 na kila mraba unapewa joto moja. Nikaja nikafikiria: kutoka Shimo la Mungu hadi mtoni haifiki hata nusu ya mraba. Maana yake kwenye modeli mimi na mama mdogo tunaweza kuwa tunaishi kwenye joto moja. Na ugonjwa wa ubwiri unga unapenda usiku wa baridi na unyevu, miezi hiyo hiyo ambayo mikorosho inachanua. Baba anapuliza salfa alfajiri wakati majani yana umande na hewa imetulia, kwa sababu jua likishapanda hewa inaanza kuchafuka na unga wote unakwenda kwa jirani. Mambo hayo yote yanatokea ndani ya mraba mmoja, na modeli haiyaoni.

Sikudhani haya ni ya kuandika kwenye barua ya kwenda Ulaya. Ni vipimajoto viwili vya shule.

---

MzeeWaRuponda

Yaandike hayo. Sentensi ya kwanza iwe hiyo ya wewe na mama mdogo kuishi kwenye joto moja. Taja masanduku, taja barafu, taja asubuhi 47, na usifiche ile nusu nyuzi. Anayesoma maombi mia mbili ataiona nusu nyuzi hiyo na kujua kwamba huyu anapima. Neno shauku litoe.

Halafu sema unachokwenda kutafuta. Mimi ningeuliza hivi: kupunguza upande wa mraba kwa nusu kunaongeza kazi ya kompyuta takriban mara nane, kwa sababu unaongeza miraba pande mbili na hatua za muda nazo lazima zifupishwe. Ukitaka kushuka kutoka kilomita 50 mpaka chini ya 10 kwa Tanzania nzima, kompyuta yake hatuna. Je, inawezekana kufungua dirisha dogo la miraba midogo juu ya nyanda za Makonde peke yake, ndani ya modeli kubwa? Na ukishafungua, utajuaje kwamba imepatia, kama si kwa vipimajoto viwili vya shule? Modeli ya kanda inayoitwa RegCM inatunzwa hapo hapo Trieste. Wenye nayo utakuwa umekaa nao meza moja.

Msimamizi wako usimkumbushe kwa maneno matupu. Mtumie jedwali la vipimo na rasimu mpya, mwandikie tarehe ya mwisho kwenye kichwa cha barua, kisha mpigie simu saa nne asubuhi. Mtu mwenye wanafunzi wengi hajibu anayeomba kukumbukwa, anajibu aliyemletea kitu cha kusoma.

Na Kigali ikae akilini. Kuanzia 2018 ipo taasisi ya fizikia pale Chuo Kikuu cha Rwanda yenye uhusiano na Trieste, wanafundisha shahada ya uzamili, na Mtanzania haingii Rwanda kwa viza. Usiombe mahali pamoja tu.

---

Shangani_Juu

Mdogo wangu, mimi nakujibu la pasipoti kwa sababu nimewasindikiza wadogo zangu wawili.

Usisubiri majibu ya warsha ndiyo uanze kutafuta vyeti. Fomu ya pasipoti unaijaza mtandaoni, gharama yote ni shilingi 150,000. Unatakiwa uwe na namba ya NIDA, cheti chako cha kuzaliwa, na cheti cha kuzaliwa cha mzazi. Kwetu huku kusini hapo kwenye cha mzazi ndipo siku zinapopotelea. Wazee wengi hawana, na wengine babu zao wamezaliwa ng'ambo ya Ruvuma. Kama baba hana, ulizia mapema kiapo cha kuzaliwa, na hakikisha majina yanafanana herufi kwa herufi. Mdogo wangu aliandikwa Saidi huku na Said kule, wiki mbili zikaenda hapo. Utaombwa pia uthibitisho wa safari, kwa hiyo barua ya mwaliko ikifika siku hiyo hiyo unaichapisha.

Viza ni ya Schengen, unaombea Dar, na lazima uende mwenyewe kwa ajili ya alama za vidole. Maombi yanapokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, yasiwe chini ya siku 15. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, lakini sheria yao ya viza ina kifungu cha kuwasamehe watafiti wanaokwenda kwenye semina au mkutano wa kisayansi. Nenda na barua ya mwaliko, uliza kwa adabu kabla hujalipa.

Na safari ya Dar usiipange siku ya mwisho. Mnakumbuka Mei 2024 barabara ilivyokatika Somanga, watu walilala njiani. Jipe siku mbili za ziada.

---

MamaFizikia_Lindi

Mwanangu, nimesoma kuanzia juu mpaka hapa, nikarudi tena kwenye zile meseji za mama yako mdogo.

Nimefundisha fizikia Lindi tangu 1996. Mwaka 2003, lile daraja la Mkapa lilipofunguliwa pale Rufiji, nilipata nafasi ya mafunzo ya mwezi mmoja nje ya nchi. Sikwenda. Hakuna aliyenizuia. Nilijiambia mtoto mdogo, nikajiambia Kiingereza changu, nikajiambia wapo wanaostahili zaidi. Karatasi ya mwaliko ninayo mpaka leo, imo kwenye sanduku la vyeti. Nakuandikia nikiwa nayo hapa mezani.

Baba yako mimi naweza kuongea naye. Nitumie namba yake kwa ujumbe wa faragha, nitampigia jioni baada ya magharibi. Sitamwambia aruhusu, maana hajakataza. Nitamweleza utalala wapi, utakula nini na utarudi lini. Mzazi akishajua mwanawe analala wapi, nusu ya wasiwasi inaondoka. Kituo kina nyumba zake za wageni, moja inaitwa Adriatico na ipo ufukweni kabisa. Mwambie utalala unasikia bahari kama watu wa Mikindani.

Kiingereza kisikutishe. Andika sentensi fupi. Ukimaliza isome kwa sauti mbele ya mwanafunzi wako yule aliyeuliza kuhusu ukungu. Asipoelewa sentensi, iandike upya.

---

BintiWaNewala

Wapendwa, nimetuma jana saa nne usiku. Mtandao ulikatika mara mbili wakati wa kupakia wasifu, mara ya tatu ukakubali.

Msimamizi alipokea simu. Alisema barua pepe zangu aliziona, alikuwa anangoja nafasi ya kuzisoma. Jedwali amelisoma siku hiyo hiyo, akaniuliza kwa nini sikuandika upepo. Nikamwambia ukweli, kifaa cha kupimia upepo hatuna, tuliandika tu "umetulia" au "unavuma" kwa kuangalia majani ya mwembe wa shule. Akasema andika hivyo hivyo kwenye barua, neno kwa neno. Nimeandika. Barua yake ya kunitambulisha ameituma moja kwa moja.

Mama Lindi, baba amenisimulia mlivyoongea. Kesho kutwa anakuja Newala tukafuatilie kiapo chake cha kuzaliwa. Amesema kama si Italia mwaka huu basi pasipoti itangoja safari nyingine, ila iwepo.

Majibu yanatoka baada ya wiki kadhaa, nitarudi hapa kusema lolote litakalokuja. Nina shida moja nyingine. Mbuzi wa jirani ameangusha sanduku la mama mdogo na kipimajoto kimevunjika. Juni inaingia, ndiyo asubuhi za baridi zinaanza, na amenipigia mara mbili kuuliza tunaanza lini. Shuleni kimebaki hicho kimoja. Kuna anayejua pa kupata kingine kwa bei nafuu, Mtwara au Lindi?

---

MamaFizikia_Lindi

Usinunue. Ninacho kimoja kwenye kabati la maabara, ni changu mwenyewe, si cha shule. Jumatatu nitampa kondakta wa basi linalokuja Newala. Nitakiviringisha kwenye kipande cha khanga nikitie ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo limeandikwa jina lako kwa kalamu nyekundu. Kabla hujakishusha kwa mama mdogo kitie kwenye barafu, changu nacho kinazidisha kidogo, sikumbuki kwa kiasi gani. Na sanduku safari hii lifungeni kwenye mti.